Baiskeli ya Bei ya Kuku Wawili

Kaloleni, Nairobi
12 Januari 2025

Baba Mdogo Sylvance,

Pokea salamu za nyumba hii yote. Sisi tu wazima isipokuwa magoti ya Mama, ambayo siku hizi yanamweka mlangoni mchana kutwa, na kazi yake pale ni kuwakosoa wapita njia mavazi. Binti yangu Sally ameingia kidato cha nne na ameshaanza kutufundisha maisha. Nami bado naendesha lori la sabuni, leo Thika, kesho Kitui, mgongo unalia.

Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu ya yale ya Krismasi. Nilikutumia ujumbe kwa simu, Maurine mkwe wako akakusomea kwa kupaza sauti ili usikie, na boma zima likajua kwamba nimekatwa mshahara. Reli ilikuharibu masikio, Baba Mdogo, lakini macho ilikuachia. Bahasha nimeipeleka stejini, utaipata Ugunja kwenye ofisi ya basi.

Sasa sikia. Pale Soko la Burma kuna mama anaitwa Muhonja, mjane wa mchinjaji. Watoto wake wanamhamisha, akawa anaondoa vitu stoo. Nilikuwa nimekwenda kununua matumbo tu. Nikaona nyuma ya magunia ya makaa baiskeli ya zamani, ile nzito ya watu wazima, breki za vyuma vya kuvuta, madigadi ya kukinga matope kamili, keria ya kubeba hata ng'ombe. Imepakwa rangi ya kijani mbaya, ile ya milango ya choo. Akaniuliza, "Baba Sally, hiki chuma kina faida gani?" Nikamwambia hakina, ni cha kupima kilo tu. Akaniachia kwa bei ya kuku wawili. Nilipoisukuma kuja nyumbani niliona vibaya kidogo, lakini Nairobi ni Nairobi.

Kuna kijana wa Karen anatafuta baiskeli za namna hii kupamba hoteli yake. Amesema ikiwa ni ya miaka ya hamsini, nitafurahi. Ikiwa ni ya juzi juzi, niwauzie wa chuma chakavu. Wewe ulikuwa ukitengeneza baiskeli za Kaloleni nzima kila Jumapili baada ya kanisa. Mtu anajuaje mwaka wa baiskeli?

Mama alipoiona tu alianza zile habari zake. "Kama ya baba yako, ile aliyoiba Ngui." Unajua akianza hamalizi.

Mwanao,
Phares Owiti


Ugunja
23 Februari 2025

Mwanangu Phares,

Bwana ametuhifadhi mpaka leo. Barua yako ilifika mwezi uliopita, lakini nilikuwa na shamba la kulima na ng'ombe mmoja mgonjwa, usiniulize mbona nimechelewa. Maurine hajambo na sauti yake haijambo. Mvua bado. Msalimie Sally, mwambie hesabu ndiyo itakayomwokoa, si nywele.

Umeuliza mwaka wa baiskeli. Chukua kitambaa na mafuta ya taa, safisha habu, kile kitovu cha gurudumu la nyuma. Ikiwa ni ile ya gia tatu, utaona herufi, kisha tarakimu mbili za mwaka, na wakati mwingine mwezi. Lakini usikimbilie kushangilia. Magurudumu hubadilishwa. Habu itakwambia umri wa habu, haitakwambia umri wa fremu. Namba ya fremu iko chini ya siti, kwenye kona ile chuma cha siti kinapoingia. Hilo ndilo jina la baiskeli. Fundi asiyesoma namba ya fremu ni kinyozi.

Hayo nimekujibu kwa sababu umeniuliza. Ushauri wangu ni mwingine. Usikwangue rangi. Rangi ya zamani ikikwanguliwa thamani yote inaondoka nayo. Mpe huyo kijana wa Karen kama ilivyo, upesi, bila kusumbuka na miaka. Kitu cha bei ya kuku wawili hakitaki elimu nyingi.

Huyo Muhonja, marehemu mumewe alikuwa na bucha upande gani wa Burma? Ule wa barabarani au wa ndani? Nauliza tu, maana nilijuana na wengi pale.

Na umwambie shemeji Adhiambo aache kumtaja Ngui. Miaka imepita. Huenda hata yule mtu ni marehemu, na marehemu hasemwi.

Baba yako mdogo,
Sylvance


Kaloleni
16 Machi 2025

Baba Mdogo,

Natumaini ng'ombe amepona na mvua imewakumbuka. Huku imenyesha siku tatu, na dari ya jikoni inavuja palepale ilipokuwa ikivuja baba akiwa hai. Kanjo, wenye nyumba hizi, wanasema watakuja. Sally alikuwa wa pili darasani, nywele zikiwa palepale kichwani.

Nimefanya ulivyosema. Mafuta ya taa, kitambaa, mswaki wa zamani wa Sally. Habu ikang'aa, na pale pakatokea herufi mbili, halafu 58, halafu 7. Mwaka wa hamsini na nane, mwezi wa saba! Nilipiga kelele hadi jirani akachungulia.

Kosa langu ni kwamba nilipiga kelele Mama akiwa mlangoni. Baba alinunua yake mwaka huo huo wa hamsini na nane, alipopata ukarani wa kanjo, na Mama anaijua hadithi hiyo kuliko Zaburi. Alisimama, Baba Mdogo, bila mkongojo. Akaja akashika usukani kwa mikono miwili, akalia. "Ni ya Owiti. Ngui aliiuza papo hapo Burma, na mimi nimekuwa nikinunua nyama pale miaka yote hii." Marehemu bwana wa Muhonja alikuwa wa upande wa ndani, kwa kuwa uliuliza. Muhonja mwenyewe anakumbuka tu kwamba baiskeli ilikuwepo kabla hawajapata kifungua mimba.

Sasa hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mama amesikia kwamba Ngui yu hai, yuko kwao Wamunyu na wachongaji wenzake. Lori langu hupita pale nikienda Kitui. Ananitaka niipakie baiskeli, nishuke Wamunyu, niibwage mbele ya Ngui, wajukuu wake wakitazama, niseme, "Hii hapa uliyomwibia maiti." Amesema hatakufa kabla sijafanya hivyo. Hali chakula vizuri. Nimemwahidi nitakwenda wiki ya Pasaka.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nakumbuka tulimpeleka baba nyumbani kuzikwa, sote, na Ngui, aliyekuwa mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, akaachwa kulinda nyumba. Tuliporudi baiskeli haikuwepo jikoni. Na wewe ndiye uliyesema, "Aliyebaki hapa ni nani?" Hayo nayakumbuka wazi.

Mtu akimfanyia mzee aibu mbele ya wajukuu, hawezi kuirudisha. Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyekuwepo: una hakika? Neno lako ndilo nitakaloondoka nalo.

Phares


Ugunja
12 Aprili 2025

Phares,

Usiende.

Nisamehe sikuanza kwa salamu. Nimeanza barua hii mara nne. Mara ya kwanza nilikusalimia vizuri sana, nikaeleza mvua, nikaeleza ng'ombe, ukurasa ukajaa, nikaona kumbe naweza kujaza daftari zima bila kusema kitu. Nikachana.

Baiskeli ya baba yako niliiuza mimi.

Ilikuwa Jumatano, kesho yake tusafiri na maiti. Watu walikuwa mochari, wanawake walikuwa ndani na mama yako, na Ngui alikuwa amekwenda kuchonga msalaba wa kaburi. Aliuchonga mwenyewe, bila kuombwa. Mimi niliingia jikoni, nikaitoa kwa mlango wa nyuma, nikaisukuma hadi Burma kwa mchinjaji mmoja wa upande wa ndani. Jikoni kulikuwa na viti vya kuazima hadi darini, nani angeona?

Utauliza kwa nini. Phares, nilikuwa nakunywa. Mshahara wa reli uliishia kwa chang'aa kabla ya tarehe kumi. Na wewe wajua kwetu: ndugu wa pekee wa marehemu haingii bomani mikono mitupu. Wakwe walikuwa wanaleta ng'ombe, wazee wa kanisa walikuwa wanaleta, hata jirani zetu wa mbali walikuwa wanaleta. Ningesimama wapi mimi? Basi nikashuka Ugunja, nikapita mnadani, nikanunua fahali mwekundu, nikaingia naye bomani nikimwongoza kwa kamba. Wanawake walipiga vigelegele. Mama yako alinishika mkono akasema, "Owiti alikuwa na ndugu." Fahali huyo ndiye mliyemla. Ninyi watoto mligombania ini lake.

Siku ya tatu baada ya maziko, wazee waliketi kama ilivyo desturi, wakauliza mara tatu, "Aliye na kitu cha marehemu aseme sasa." Mtu mmoja alirudisha jembe. Mwingine alirudisha koti la mvua. Mimi nilikuwa nimeketi mbele, ndugu wa fahali, na nikanyamaza mara tatu.

Ningeweza kuishia hapo na ningekuwa mwizi tu. Lakini tuliporudi Kaloleni na mama yako akauliza baiskeli iko wapi, kila mtu alinitazama mimi kama mkubwa. Nami nikauliza lile swali unalolikumbuka. Sikusema Ngui ameiba. Niliuliza tu. Nimejificha nyuma ya hilo "niliuliza tu" hadi nikazeeka.

Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Zangu zimekuwa miaka thelathini na tisa, na kila asubuhi nilikuwa nadhani ndiyo siku. Uliponiandikia kwamba umenunua baiskeli kwa mjane wa mchinjaji wa Burma, nilijua imenifuata. Sikula jioni ile, hadi Maurine akaniuliza kama nina malaria.

Nakuomba kitu kimoja tu, mwanangu. Shemeji asijue mpaka nife. Mwambie lolote. Mwambie lori limeharibika.

Sylvance


Kaloleni
8 Juni 2025

Baba Mdogo,

Salamu. Mama anakula. Sally yuko shule.

Barua yako ilinifikia Alhamisi kuu. Sikukujibu kwa sababu kila nilichotaka kukwambia hakiandikiki na mtoto kwa mzazi. Bado sijakipata cha kuandikika, lakini Mama anauliza mbona huandiki, na mimi nimechoka kusema posta.

Kwanza nikwambie hili, ulipokee upendavyo. Baiskeli si ya baba. Nilikwangua rangi chini ya siti, nikaisoma namba ya fremu. Halafu kwenye sanduku la bati la Mama nikapata karatasi ya leseni ya baiskeli ya baba, ile ya kanjo, imekunjwa ndani ya Biblia. Namba haziko hata karibu. Fundi wa Shauri Moyo ameitazama, anasema fremu ni ya miaka ya sabini, mtu aliitilia gurudumu la zamani tu. Ulinionya mwenyewe. Kwa hiyo umekiri kwa baiskeli ya watu. Ile yako huenda iliyeyushwa zamani ikawa sufuria. Ungenyamaza tu, nisingejua mpaka kiama.

Nilicheka, Baba Mdogo. Peke yangu, nimekaa sakafuni na karatasi mkononi. Halafu nikaona haya kucheka.

Wamunyu nilikwenda, bila baiskeli. Nilimkuta amekaa kwenye kibanda na wachongaji wengine. Hachongi. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji tangu siku ile vijana wa estate walipompiga kwa ajili ya baiskeli, kwa hiyo vijana wanachonga twiga, yeye anapiga msasa. Alinijua kabla sijasema jina. "Wewe ni wa Owiti, una paji lake."

Hapo ndipo na mimi nilipotapika yangu, maana ninayo. Ile siku Ngui alipokimbia, alijificha bafuni kwa jirani. Hakuna aliyejua. Mimi nilimwona akiingia. Vijana wa estate walipita wakiuliza, nami nikanyoosha kidole. Sikuulizwa mara mbili. Nilisikia mlango ukivunjwa, nikajiona mwanamume. Hili sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu. Nilipokuwa nasoma barua yako na kukuita majina moyoni, kidole changu hiki hiki ndicho kilikuwa kinashika karatasi.

Ngui alipangusa vumbi la mti magotini. Akasema, "Wewe ulikuwa mtoto, ulifuata ulichosikia kwa wakubwa." Nikamweleza yako. Hakushtuka. Alisema alikuwa amelifikiria hilo kama miaka ishirini hivi, halafu akaacha kwa sababu lilikuwa linamharibia usingizi. Nikamwambia utaleta mbuzi, utaleta chochote. Akakasirika. Alitupa msasa chini. "Mimi nimekula mbuzi wangu. Nataka aliyesema ndiyo aseme hapana. Kwa mdomo wake, kwa Adhiambo, mlango ule ule. Yule mama alinipikia miaka sita, na tangu siku ile anafikiri alimpikia mwizi."

Atakuja Jumamosi tarehe ishirini na sita Julai, saa nane. Nauli nimempa, akaikataa, akaikubali.

Mama anajua tu kwamba namba hazikulingana na kwamba nilifika Wamunyu; lako sijamwambia. Usidhani nimekufichia. Ni kwamba hii si kazi yangu. Ukitaka asijue hadi ufe, Ngui naye ni mzee, atakufa na jina lake hivyo hivyo.

Muhonja nimemrudishia baiskeli yake. Nilimwambia habu ina miaka mingapi, na kwamba nilimdanganya mchana kweupe. Alinitazama kama sina akili, akaniuliza kama nimeokoka. Nikamwambia bado.

Phares


Ugunja
20 Julai 2025

Mwanangu Phares,

Nakusalimu, na namsalimia kila aliye ndani ya nyumba hiyo. Mahindi yamekomaa. Hilo ndilo la habari njema.

Nilikuja, hukuniona. Jumanne iliyopita nilimuaga Maurine nikasema naenda hospitali ya masikio Kisumu, nikapanda basi la Nairobi. Nilifika Kaloleni kwa miguu kutoka stejini. Niliwaza nimalize mapema, kabla ya Ngui, nizungumze na shemeji peke yetu. Alikuwa pale mlangoni anachambua sukuma wiki. Alinyanyua uso. Phares, miaka tisa hatujaonana, na mimi nimekonda, na nilikuwa nimevaa kofia. Hakunijua. Niliona midomo yake inasema kitu, na kwa mkono alionyesha kiti, kama vile alivyokuwa akimkaribisha kila mtu. Nikamwuliza njia ya kwenda City Stadium. Akainuka na magoti yale, akanisindikiza hadi kona anionyeshe. Nikashukuru, nikaenda. Nilipanda basi lile lile lililonileta.

Kwa hiyo sasa unajua mtu unayeshughulika naye. Jumamosi nitatoka tena hapa alfajiri. Nimemwambia Maurine ukweli kuhusu ninakokwenda, ili nikirudi njiani aniulize. Lakini najijua. Ikifika saa tisa sijaingia mlangoni, usiningoje tena wala usinitetee. Waweke wote wawili karibu, wasomee kwa sauti hiki kilicho chini, polepole, wala usiruke neno kwa kunihurumia. Ngui alitaka mdomo wangu. Mwambie hata kalamu hii nimeishika kwa shida.

Adhiambo, shemeji yangu. Baiskeli ya Owiti niliitoa jikoni mwako mimi Sylvance, ukiwa unamlilia mume wako chumba cha pili. Fahali niliyemleta alikuwa ni baiskeli hiyo. Ulinishika mkono ukanishukuru kwa mali yako mwenyewe, nami nikakubali shukrani. Uliyempikia miaka sita hakuwa mwizi. Mwizi ulimpa kiti cha mbele.

Ngui. Siku walipokuwa wakikupiga mimi nilikuwa nyuma ya umati. Walipochoka nilijitokeza nikasema, "Basi, mwacheni, Mungu atamhukumu," na watu wakasema Sylvance ana huruma. Wewe ulikuwa umekaa chini, mkono umeufunga kwa shati. Uliingiza ule mwingine mfukoni ukatoa ufunguo wa nyumba, ukanipa mimi, kwa sababu kati ya wote waliosimama pale ni mimi uliyeniamini. Ukasema, "Sylvance, nyumba ya Owiti niliilinda, nakukabidhi."

Nikaupokea.

Sylvance